Kuvumilia au Kuvumiliana? Rai kuhusu Mafunzo ya Waelimishaji Rika Migori na Homa Bay

Wahenga walinena kwamba udongo uwahi ungali maji. Methali hii hukaririwa kila panapozinduliwa mafunzo ya kuwaandaa wanafunzi wachanga ili nao wawafundishe wenzao kuvumiliana na kuheshimu tofauti zilizopo baina yetu. Sina ugomvi na methali yenyewe. Rai yangu katika makala haya ni kwamba udongo huo tunauwahi kweli, ila tunaufinyanga ovyo: tunawapa vijana mabango na kaulimbiu, tukasahau kuwapa lugha. Nasi wanafunzi na walimu wa Kiswahili, ambao lugha ndiyo kazi yetu, tumeketi pembeni tukitazama kana kwamba jambo hili halituhusu ndewe wala sikio.

Naomba nianze na kisa nilichokishuhudia mwenyewe, ambacho sitoki ndani yake nikiwa safi. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, nilipangiwa shule moja ya upili ya mseto katika Kaunti ya Migori, si mbali na barabara kuu iendayo mpakani Isebania. Muhula huo walikuja wawezeshaji, wakakaa na wanafunzi 20 kwa siku 2, wakawafunza kuwa waelimishaji rika wa amani na utangamano. Siku ya Ijumaa, wakati wa gwaride, wahitimu hao walisimama mbele ya shule nzima. Mvulana mmoja wa kidato cha pili alitoa hotuba kwa Kiingereza kilichonyooka: kwamba hakuna kabila bora kuliko jingine, kwamba tofauti zetu ni utajiri, kwamba sote ni Wakenya. Tulimpigia makofi.

Jioni ile ile, katika foleni ya chakula, mvulana huyo huyo alimgeukia msichana wa Kikuria aliyekuwa nyuma yake, akamwuliza kwa sauti ya kusikika na wote iwapo babake amewahi kununua ng'ombe hata mmoja sokoni. Kwa msomaji asiyetoka pande zile, swali hilo ni tusi la siku nyingi: maana yake ni kwamba Wakuria wote ni wezi wa mifugo. Foleni nzima iliangua kicheko. Mimi ndimi niliyekuwa mwalimu wa zamu. Nilicheka pia. Kicheko kilinitoka kabla sijayapima maneno yale, na nilipokwisha kuyapima, msichana alikuwa amekwisha kuiweka sahani yake mezani na kwenda zake bila kula.

Asubuhi nilimwita yule mvulana. Hakuwa mtoto mkorofi. Alishangaa kwa dhati. "Mwalimu," aliniambia, "ule haukuwa ukabila. Ule ulikuwa utani." Nilikosa jibu. Nikamwachilia aende darasani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta jibu ambalo nilipaswa kumpa. Makala haya ndiyo jibu lenyewe, ingawa limechelewa.

Kutania na Kutaniana

Kila mwanafunzi wa Kiswahili anaijua kauli ya kutendana. Tunaifundisha kwa mifano: piga, pigana, penda, pendana, saidia, saidiana. Tunaandika ubaoni kwamba kiambishi -an- huonyesha kuwa tendo linakwenda na kurudi, kisha tunafuta ubao na kuingia katika mada nyingine. Lakini ndani ya kiambishi hicho kidogo mna falsafa nzima ya kuishi na watu.

Tuutazame utani wenyewe. Katika jamii nyingi za Tanzania, utani ni taasisi yenye kanuni zake. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, unahusishwa na misafara ya biashara iliyosafiri baina ya bara na pwani. Mtani ana ruhusa ya kumkejeli mtani wake mpaka msibani, lakini ruhusa hiyo ni ya pande zote mbili, na inaandamana na wajibu: mtani huyo huyo ndiye mwenye kazi zake maalumu katika mazishi ya mwenzake. Ndiyo maana husemwa kwamba watu hawa wanataniana. Anayekejeli leo hukejeliwa kesho, na anayekejeliwa hucheka kwa kuwa anajua zamu yake inakuja.

Sasa turudi katika ile foleni. Je, msichana yule alikuwa na ruhusa ya kujibu? Angemwuliza mvulana yule swali la kulikejeli kabila lake mbele ya foleni ambayo karibu yote ni watu wa kabila hilo, kicheko kingetoka wapi? Lile halikuwa tendo la kutaniana. Lilikuwa kutania, na tena kumtania mtu asiyeweza kurudisha. Ondoa -an- na utani unageuka uonevu.

Vivyo hivyo kwa neno tunalolitumia kuitia mafunzo haya jina. Tunasema tunawafundisha vijana "uvumilivu". Lakini mtu huvumilia nini? Huvumilia njaa, maradhi, jua kali na kiatu kinachobana. Ukiniambia nimvumilie jirani yangu, umekwisha kumweka katika orodha ya maradhi. Tena katika shule yenye wengi na wachache, atakayeambiwa avumilie ni yule yule mchache: avumilie lakabu, avumilie vicheko, avumilie kuulizwa kwao ni wapi. Kuvumiliana ni jambo jingine kabisa. Kunamtaka kila mmoja ajue kwamba naye ana la kuvumiliwa. Mwelimishaji rika asiyefunzwa tofauti hii atatoka katika mafunzo akiwa na cheti, na jioni yake ataenda kwenye foleni ya chakula kufanya yale yale.

Tulikotoka

Mafunzo haya hayakuzuka hivi hivi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya iliungua. Tume ya Jaji Philip Waki iliyochunguza ghasia hizo iliandika kwamba watu 1,133 waliuawa, na mamia ya maelfu wakayahama makwao. Katika Nyanza, maduka na nyumba za watu wa jamii nyingine ziliporwa na kuteketezwa, na wenyewe wakakimbilia vituo vya polisi. Wakati huo huo, Wajaluo waliofukuzwa Naivasha, Nakuru na kwingineko walikuwa wakishuka kwenye mabasi wakiwa na mizigo waliyoiwahi tu. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyozaa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Tume hiyo, pamoja na mashirika mbalimbali na wizara inayohusika na elimu, imehimiza kuundwa kwa vilabu vya amani shuleni, na katika vilabu hivyo waelimishaji rika ndio nguzo.

Mbinu yenyewe ya elimu rika haikuwa ngeni kwa Migori na Homa Bay. Ilikwisha kutumiwa sana katika vita dhidi ya UKIMWI, kwa hoja kwamba kijana humsikiliza kijana mwenzake kuliko amsikilizavyo daktari au mwalimu. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini elimu rika ya UKIMWI ilituachia pia funzo ambalo hatujalizingatia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Homa Bay ndiyo iliyokuwa na kiwango cha juu kabisa cha maambukizi nchini miongoni mwa watu wazima, takriban asilimia 19.6. Hii ina maana kwamba katika kila bweni kuna uwezekano mkubwa wa kuwapo mwanafunzi anayemeza dawa zake kwa siri. Mwelimishaji rika anaweza kukariri njia zote za maambukizi bila kukosea, kisha bwenini akasema kwamba fulani "amekanyaga waya". Maarifa aliyapata, lugha yake ilibaki ile ile.

Aidha, tusisahau kwamba shule zetu zenyewe zilichangia kuwatenga vijana. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ulikuja na utaratibu wa mgao uliotenga asilimia 85 ya nafasi katika shule nyingi za upili kwa wanafunzi wa eneo husika. Nia ilikuwa kuinufaisha jamii inayoizunguka shule. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana aliweza kuanza chekechea na kumaliza kidato cha nne bila kuketi dawati moja na mtu wa lugha nyingine. Kijana wa namna hiyo hana chuki. Ana uvivu wa ulimi. Hajawahi kuhitaji kuuchunga.

Tofauti Zilizo Mlangoni

Wapo wanaodhani kwamba kaunti hizi mbili ni za kabila moja, na kwamba mafunzo ya utangamano yapelekwe Nakuru au Eldoret. Hao hawajazitembelea. Kaunti hizi, ambazo kila moja ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.1 katika sensa ya 2019, zina Wajaluo, Wakuria, Wasuba, Waluhya, Wakisii, Wasomali na wengineo. Zina Waadventista wa Sabato, ambao misheni yao ya Gendia karibu na Kendu Bay ilianzishwa mwaka 1906, na zina jamii kongwe ya Waislamu katika mji huo huo wa Kendu Bay. Zina wafuasi wa Legio Maria, ambao mlima wao mtakatifu wa Got Kwer uko Migori. Mwanafunzi Mwadventista anayelazimishwa kuhudhuria masomo Jumamosi anajua maana ya kuwa mchache. Mahakama ya Rufani ilipoamua mwaka 2017 kwamba wanafunzi kama hao watafutiwe nafasi ya kuabudu, ilikuwa inafundisha kutendana kwa lugha ya sheria.

Hata ndani ya lugha moja kuna kuta. Katika Dholuo kuna neno jadak, yaani mtu aliyekuja kukaa katika ardhi ya ukoo usio wake. Huyo ni Mjaluo kama wenzake, anasema Dholuo kama wao, lakini katika ugomvi mdogo wa mpaka wa shamba atakumbushwa ujio wa babu yake. Upande wa Kuria, Wairege na Wanyabasi ni watu wa lugha moja na mila moja, na bado wameumana mara kadhaa kwa sababu ya wizi wa mifugo.

Kisha wapo Wasuba wa Rusinga, Mfangano na Gwassi. Wengi wao leo wanasema Dholuo, na Kisuba chao kimehesabiwa miongoni mwa lugha zilizo hatarini kutoweka. Hapakupigwa vita vikubwa siku hizi kati ya Msuba na Mjaluo; wameoana, wamevua pamoja, wamezikana. Mtu anaweza kuuita huu mfano bora wa kuvumiliana, na kwa sehemu ni kweli. Lakini nauliza: amani iliyopatikana kwa mmoja kunyamaza lugha yake, tuiite kuvumilia au kuvumiliana? Swali hili lingefaa kuulizwa katika kila mafunzo yanayofanyika Mbita, kwa kuwa ndilo swali ambalo bango haliwezi kulijibu.

Kutoka Rusinga hiyo hiyo, ambako amezikwa, tunaweza kuchukua mfano wa Tom Mboya. Alizaliwa na kulelewa Ukambani, mbali na kisiwa cha wazazi wake, na mwaka 1957 akachaguliwa kuwakilisha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria, kwa kura za watu wa makabila mengi. Alipouawa tarehe 5 Julai 1969, kifo chake kiligeuzwa ukuta baina ya makabila. Yeye aliyeishi kwa kutendana, akawa kisingizio cha kutengana.

Lugha Moja si Dawa

Hapa nataka tujihukumu wenyewe. Katika makongamano yetu tumezoea kusema kwamba Kiswahili hakina kabila, hivyo basi Kiswahili ndicho dawa ya ukabila. Tunaishia hapo na kupigiana makofi. Lakini kama lugha moja ingekuwa dawa, Rwanda isingepoteza watu zaidi ya laki nane katika siku 100 za mwaka 1994, kwani Wahutu na Watutsi walisema Kinyarwanda kimoja, na kwa Kinyarwanda hicho hicho redio iliwaita watu mende.

Wala Kiswahili chetu si malaika. Neno "madoadoa" ni la Kiswahili sanifu, na katika Bonde la Ufa lilitumiwa kuwaita majirani uchafu unaopaswa kuondolewa. Mnamo Januari 2022, seneta mmoja alilitamka neno hilo katika mkutano wa hadhara Eldoret, akakamatwa. Miezi michache baadaye, Tume ya Uwiano na Utangamano ilitangaza orodha ya maneno ya chuki. Humo mlikuwa na madoadoa, mende, wakuja, "watu wa kurusha mawe" na "wabara waende kwao". Naomba tutafakari kwamba sehemu kubwa ya orodha hiyo ilikuwa ya Kiswahili. Lugha inayowafikia wote hubeba sumu kama inavyobeba uji.

Tukichimba zaidi tutakuta mengine. "Mshenzi" lilikuwa jina la mtu wa bara kinywani mwa mtu wa pwani, na "ustaarabu" una Uarabu ndani yake. Kipofu, kiziwi, kiwete: kwa umbo, majina haya yamefungwa katika kundi moja na kiti na kikapu, ingawa upatanisho wa sentensi huwarudishia utu wao. Hata methali zetu zina pande mbili. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha" imekuwa wimbo wa wanasiasa wanaotaka tumchague mwizi wa kwetu badala ya mwadilifu wa kwao. Mwanafunzi atakayewafundisha wenzake kuvumiliana anapaswa kujua kwamba kisu hiki anachokishika kina makali.

Hata hivyo, neno sahihi likiwapo mdomoni kwa wakati wake, huokoa. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha walivamia shule ya sekondari ya Nyange nchini Rwanda, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa. Walijibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Kwa jibu hilo 6 kati yao waliuawa na wengine wakajeruhiwa, na leo wanatajwa miongoni mwa mashujaa wa nchi yao. Kwetu Kenya, tarehe 21 Desemba 2015, abiria Waislamu waliokuwa ndani ya basi katika Kaunti ya Mandera waliamriwa wajitenge na Wakristo, wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafariki mwezi uliofuata. Siwataji hawa ili tudai ushujaa wa namna hiyo kutoka kwa mtoto wa kidato cha pili. Nawataja kwa sababu walipohitaji neno, walikuwa nalo. Mimi mbele ya foleni ya maharagwe sikuwa nalo.

Ni Kipi cha Kufanya?

Napendekeza mambo matano, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, tuangalie tunaowachagua. Mara nyingi wanaopelekwa mafunzoni ni viranja na wale wenye Kiingereza kizuri. Waongezwe walio wachache shuleni, na aongezwe pia yule mchekeshaji wa bweni. Huyo ndiye mwenye masikio ya wengi. Akielewa tofauti ya kutania na kutaniana, nusu ya kazi imekwisha.

Pili, mafunzo yaanze na maneno, wala si na hotuba. Kila mwanafunzi aandike katika kipande cha karatasi, bila kutia jina lake, lakabu aliyowahi kuitwa ikamchoma. Vikaratasi vichanganywe na kusomwa kwa sauti. Kisha liulizwe swali moja tu: aliyeitwa hivi, je, angeweza kujibu vivyo hivyo, nawe ukacheka? Hicho ndicho kipimo cha kutendana. Mtoto wa miaka 15 anaweza kukitumia bila msaada wa mtu mzima.

Tatu, majibu yafanyiwe mazoezi. Tunawafundisha vijana kulaani ukabila kwa jumla, ambako hakuna anayejiona, bali hatuwafundishi la kusema pale kicheko kinapoanza. Waigize foleni ya chakula. Wajizoeze sentensi fupi za Kiswahili zisizo na matusi wala mahubiri: "Huo si utani, hawezi kukujibu." "Hilo halichekeshi." "Dada, njoo ule nasi." Sentensi ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Na waambiwe mipaka yao pia: mwelimishaji rika si hakimu, na penye vitisho au kipigo, kazi yake ni kumwona mwalimu anayemwamini.

Nne, Kiswahili kiwe lugha ya mafunzo, lakini kisije kama mfalme mpya. Ni kinaya kuzungumzia utangamano asubuhi na mchana kumwadhibu mwanafunzi kwa kusema lugha ya mamake. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo inaitaka Serikali ikuze na kulinda lugha nyingine za watu wa Kenya. Basi vikao vya klabu viwe na vitendawili vya Dholuo, Kikuria, Kikisii na Kisuba, kila kimoja kikifasiriwa kwa Kiswahili na mwenye lugha yake. Siku msichana wa Kikuria atakapotega kitendawili na shule nzima ikashindwa kukitegua mpaka ikampa mji, atakuwa amepata kile alichonyimwa katika foleni: zamu yake.

Tano, mafunzo yasiwe ya siku 2 na kwaheri. Vyama vya Kiswahili shuleni vinakutana kila wiki; vipewe nusu saa. Wanafunzi waliotangulia wawafunze wanaowafuata kabla ya kuingia mwaka wa mtihani, ili mbegu isipotee kila wahitimu waondokapo.

Pingamizi

Najua yatakayosemwa. Wapo watakaosema kwamba wanaochochea ni wanasiasa, hivyo ni dhuluma kuwatwika watoto mzigo wa wakubwa. Ni kweli kwamba mchochezi ni mtu mzima. Lakini mchochezi hupanda mbegu katika shamba lililokwisha kulimwa, na shamba hilo hulimwa kwa vicheko vidogo vidogo vya foleni na bwenini. Mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa 2008, nchi ikiwa motoni, sasa ni mtu mzima mwenye haki ya kupiga kura. Hatukuwa na muda mrefu kama tulivyodhani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na nililisikia kutoka kwa wanafunzi wenyewe: je, kuvumiliana ni kuvumilia kila kitu? Katika Kuria, swali hili lina sura ya ukeketaji, uliopigwa marufuku na sheria ya mwaka 2011 lakini bado unawatia wasichana hofu kila likizo ya Desemba inapokaribia. Hapa pia kipimo chetu kinatufaa. Kuvumiliana ni baina ya watu, si baina ya mtu na madhara. Tendo analofanyiwa msichana asiye na nafasi ya kukataa halina -an- ndani yake. Ni kutendwa tu. Mwelimishaji rika na alipinge bila kigugumizi. Lakini alipinge bila kulifanya kuwa jina la kabila, kwa maana yule msichana anayetukanwa kuwa "wao hukeketa" ndiye huyo huyo anayetafuta pa kukimbilia. Ukimtukana, umemfungia mlango.

Tamati

Ndugu wanachama wenzangu, wengi wetu tutapelekwa katika shule za upili kwa mazoezi ya kufundisha, na baadhi yetu tutapangiwa Migori na Homa Bay, ambako siku hizi kuna Chuo Kikuu cha Rongo na Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Tutabeba maandalio ya somo, na bila shaka katika wiki mojawapo tutaifundisha kauli ya kutendana. Nawaomba siku hiyo msikimbilie kufuta ubao. Waulizeni wanafunzi ni tendo gani shuleni mwao linalokwenda bila kurudi. Mtashangazwa na majibu.

Nami yule mvulana ningemwita tena leo, ningemwambia hivi: mwanangu, ulisema kweli kwamba utani upo, na ni kitu kizuri; lakini utani huwa na zamu, na zamu ya mwenzako hukumpa. Kisha ningemwambia kwamba mwalimu wake naye alicheka, na kwamba wa kwanza kwenda kumwomba msichana radhi angekuwa mwalimu.